Makasri ya makabaila wa Bengali vijijini: kwa nini mengine yamesimama na mengine yamebaki magofu

Mleta uzi

Wanajukwaa, nawasalimu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia habari za majumba ya makabaila wa Bengali, eneo ambalo leo mashariki yake ni Bangladesh na magharibi yake ni sehemu ya India, yale ambayo wenyeji huyaita rajbari au jomidarbari, na nimeona nifungue uzi huu kwa sababu mijadala mingi ninayoisoma huishia kwenye picha za nguzo zilizoota mimea na maneno ya kusikitikia zama zilizopita. Picha hizo ni nzuri, lakini haziulizi swali ambalo kwangu ndilo la msingi: inakuwaje nyumba mbili zilizojengwa miaka ileile, kwa matofali yaleyale, na watu wa tabaka moja, leo moja imesimama na nyingine imebaki ukuta unaoshikiliwa na mizizi? Jibu langu nalitanguliza mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Umri na mvua ni sababu za pili. Sababu ya kwanza ni nani anaimiliki nyumba hiyo kisheria, na nani hasa anaitumia kila siku.

Tuanze na jina. Kabaila huyo huitwa zamindar, neno la Kiajemi linalounganisha zamin, yaani ardhi, na dar, yaani mwenye kushika. Msomaji wa Kiswahili asilione geni sana, kwa maana asili ya maneno yetu serikali na jemadari ni hukohuko. Enzi za watawala wa Kimughal, waliotawala kabla ya Waingereza, zamindar hakuwa mmiliki wa ardhi kwa maana ya leo. Alikuwa mkusanya kodi mwenye haki ya kurithisha nafasi yake, akibakiza fungu lake na kupeleka lililosalia kwa mtawala. Mambo yaligeuka mwaka 1793, pale Gavana Mkuu Cornwallis alipotangaza utaratibu wa kodi usiobadilika. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, iliyokuwa ikitawala Bengali wakati huo, ilimtambua zamindar kuwa mwenye ardhi, ikaweka kiwango ambacho kisingepandishwa milele, na ikajichukulia mafungu 10 kati ya 11 ya pango lililokadiriwa kutoka kwa wakulima. Fungu moja lililobaki, pamoja na chochote ambacho angekiongeza baadaye kwa kufyeka msitu au kumkamua mkulima, lilikuwa lake. Wanaoijua historia ya Buganda watakumbuka ardhi ya mailo ya mwaka 1900, ambako Waingereza vilevile waliligeuza tabaka la watawala wa kienyeji kuwa wenye ardhi.

Sharti lilikuwa kali. Kodi isipofika kabla ya jua kuchwa katika siku iliyowekwa, ardhi ilipigwa mnada, na watu wakaiita sheria ya machweo. Katika miaka ya mwanzo koo kongwe zilipoteza ardhi kipande baada ya kipande, ukiwamo ukoo wa Natore, ambao katika karne ya 18, chini ya mjane Rani Bhabani, ulikuwa miongoni mwa koo zilizoshika eneo kubwa kuliko zote katika Bengali. Walionunua walikuwa watu wenye fedha taslimu, yaani wafanyabiashara, makarani wa Kampuni na mawakala wa makabaila wenyewe. Gobinda Ram Saha, aliyeweka msingi wa utajiri wa ukoo wa Baliati katika wilaya ya Manikganj, alikuwa mfanyabiashara wa chumvi. Ukoo wa Tajhat huko Rangpur chanzo chake ni sonara aliyehamia kutoka Punjab.

Nayataja haya kwa sababu ndiyo yanayoeleza sura ya majumba. Mtu aliyenunua ukabaila mnadani alihitaji nyumba ya kuwaambia majirani kwamba yeye si dalali wa jana, na kwa kuwa mamlaka ya wakati ule yalikuwa yakikaa Kolkata katika majengo ya Waingereza, aliiga alichokiona huko. Ndiyo maana msafiri anayeacha barabara kuu na kupita kwenye mashamba ya mpunga, akafika Baliati, hukutana ghafla na safu ya majumba yenye nguzo ndefu za Kikorintho, yamepangana kando ya bwawa kama mtaa wa mji mkuu uliopotea njia.

Mleta uzi (naendelea)

Sasa tuingie ndani, kwa kuwa bila kuujua mpangilio wa nyumba hatutaelewa inavyokufa. Mbele ilikaa kachhari, ofisi ya kodi, ambako makarani waliandika madaftari na mkulima alisimama kusubiri hesabu yake. Vijiji vingi husimulia hadi leo kwamba mtu wa kawaida hakuruhusiwa kupita mbele ya jumba akiwa amevaa viatu au amefungua mwavuli. Nyuma ya ofisi kuna ua, na upande mmoja wa ua ndipo ilipo thakurdalan, ukumbi wa ibada wenye matao, ulio wazi kwa mbele, ambamo kila mwaka mvua kubwa zikiisha husimamishwa sanamu ya udongo ya Durga, mungu wa kike wa Wahindu. Nyumba tajiri zilikuwa pia na jalsaghar, ukumbi wa muziki na ngoma. Ndani kabisa ni andarmahal, sehemu ya wanawake, yenye ua wake na ngazi zake, ambayo mgeni wa kiume hakuiona. Si makabaila wote walikuwa Wahindu. Koo za Kiislamu kama ile ya Karatia na ile ya Dhanbari, zote za Tangail, zilijenga kwa ukubwa uleule, ila palipokuwa na thakurdalan kwao palikuwa na msikiti.

Tambarare ya Bengali ni udongo wa mito, na jiwe la kujengea ni adimu mno. Kila kitu ni tofali, na mara nyingi shimo lililotoa udongo wa matofali ndilo lililogeuka kuwa bwawa la nyumba. Tofali lilishikwa kwa udongo wa chokaa uliochanganywa na unga wa matofali yaliyosagwa, mchanganyiko unaoitwa chun-surki. Paa lilikuwa tambarare: boriti za mbao, au baadaye za chuma, juu yake vigae, na juu ya vigae tabaka nene la chokaa lililopigwa kwa virungu vya mbao siku nyingi hadi likashikamana. Kazi hiyo ilifanywa kwa kuimba, na Wabengali wanayo aina nzima ya nyimbo za kupigia paa. Wale wenye wazee wa Unguja na Lamu waliowahi kuona nyumba ya mawe ikisakifiwa hawatahitaji maelezo zaidi.

Kuhusu idadi ya vyumba, naomba tuwe na kiasi. Baliati husemwa ina vyumba 200, na jumba la Bhawal husemwa lina vyumba 365, kimoja kwa kila siku ya mwaka. Ninapokutana na hesabu inayolingana vizuri namna hiyo na kalenda, huwa naichukulia kuwa ni sifa tu.

Jambo jingine ambalo watazamaji wa picha hulisahau ni tetemeko la ardhi la tarehe 12 Juni 1897, lililoanzia Assam na kuyaporomosha au kuyapasua majumba mengi ya kaskazini na mashariki ya Bengali. Kasri la Dighapatia karibu na Natore lilibomoka na kujengwa upya na Pramada Nath Roy. Shashi Lodge ya Mymensingh vilevile ilijengwa upya mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo baadhi ya tunayoyaita majumba ya kale yana umri wa kama miaka 120 tu, na yalijengwa wakati ambapo ukabaila wenyewe ulikuwa umeshaanza kuchoka. Rani Hemanta Kumari alijenga kasri la Puthia mwaka 1895 kwa heshima ya mama mkwe wake, miaka 55 tu kabla ya sheria iliyofuta nafasi yao.

Mchangiaji

Nashukuru kwa uzi mzuri, lakini naomba kuuliza kwa heshima. Nyumba hizi zilijengwa kwa jasho la mkulima aliyenyang'anywa mavuno yake. Zikianguka, kuna hasara gani? Na kama wenyewe walikuwa matajiri kiasi hicho, ilikuwaje wakaziacha?

Mleta uzi

Ndugu mchangiaji, sehemu ya kwanza ya hoja yako sina cha kuipinga. Kati ya zamindar na mkulima ziliota ngazi nyingi za watu wa kati, hasa baada ya mwaka 1819 sheria ilipohalalisha utaratibu ambao Maharaja wa Bardhaman alikuwa akiutumia wa kukodisha ukusanyaji wa kodi kwa mtu mwingine, ambaye naye aliweza kumkodisha mwingine tena. Kila ngazi ilikula, na wote walikula kwa mkulima mmoja. Mwaka 1940 tume ya serikali ya kikoloni yenyewe, chini ya Sir Francis Floud, ilipendekeza mfumo mzima uondolewe. Sitetei ukabaila. Nasema tu kwamba jumba ni ushahidi, na mjukuu wa mkulima yule ana haki ya kuiona kachhari ambako babu yake alisimama juani.

Sehemu ya pili ndiyo kiini cha uzi huu. Jumba la kabaila lilikuwa likila pango. Lilihitaji mafundi, wapishi, walinzi, mapadri wa hekalu na chokaa mpya kila baada ya misimu michache ya mvua, na yote hayo yalilipwa kwa fedha iliyoingia kupitia kachhari. Mwaka 1947 Bengali iligawanywa. Mashariki ikawa Pakistani na magharibi ikabaki India. Makabaila wengi wa mashariki walikuwa Wahindu, na wengi wao walihamia Kolkata, baadhi wakiwa wameshazoea kuishi huko na kuja kijijini wakati wa Durga tu. Mwaka 1950 bunge la Bengali Mashariki lilipitisha sheria ya kutwaa ardhi za makabaila na kumfanya mkulima awajibike moja kwa moja kwa serikali. Bengali Magharibi ikafuata kwa sheria yake ya mwaka 1953. Pango likakatika, nyumba ikabaki na njaa yake.

Kutoka hapo pande mbili za mpaka zilitofautiana, na hapa naomba tusome polepole. Upande wa mashariki nyumba nyingi zilipoteza mwenyewe. Wakati wa vita vya mwaka 1965 kati ya India na Pakistani, mali za waliokuwa wamehamia India ziliandikwa kuwa mali ya adui. Bangladesh ilipopata uhuru ilizibadilisha jina tu na kuziita mali zilizokabidhiwa serikali, na sheria ya kuzirudisha kwa wenyewe ilikuja mwaka 2001, ikifuatwa na marekebisho na mashauri yasiyokwisha. Nyumba ambayo haijulikani ni ya nani hung'olewa milango kwanza, kisha boriti, kisha matofali, na kila anayechukua hujiambia kwamba asipochukua yeye atachukua mwingine.

Upande wa magharibi tatizo lilikuwa kinyume chake. Ukoo uliruhusiwa kubaki na nyumba, lakini kila kizazi kiliongeza warithi, na kila mrithi alikuwa na sehemu yake, hata kama sehemu hiyo ni thumuni ya veranda. Wabengali humwita mrithi mwenza shorik, neno lenye asili ileile ya Kiarabu iliyotupa sisi mshirika na shirika. Nyumba yenye washirika 60, nusu yao wakiwa Kolkata na Delhi na wengine ng'ambo, haiwezi kuuzwa wala kukarabatiwa bila wote kukubaliana, na ajuaye kikao cha ukoo kuhusu kiwanja cha babu anajua makubaliano hayo hupatikana vipi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mchangiaji mwingine

Je, kuna yaliyopona? Tungependa kujua yamepona kwa njia gani.

Mleta uzi

Yapo, na ukiyachunguza karibu yote utakuta taasisi moja iliingia mapema na haikutoka. Kasri la Dighapatia, lenye handaki la maji kulizunguka na saa kubwa juu ya lango, lilifanywa makazi ya gavana katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 Sheikh Mujibur Rahman, kiongozi mwasisi wa Bangladesh, akaliita Uttara Ganabhaban, makazi rasmi ya kiongozi wa serikali upande wa kaskazini. Bustani zake bado zinapogolewa. Shashi Lodge ikawa chuo cha ualimu cha wanawake mwaka 1952. Jumba la Murapara, karibu na Dhaka, limekuwa chuo tangu miaka ya 1960. Mahera ya Tangail ni chuo cha mafunzo ya polisi tangu mwaka 1972, na inang'aa kwa rangi kiasi kwamba wapenda magofu hawaipendi. Mimi sina ugomvi na rangi, kwa kuwa chini ya rangi kuna ukuta. Tajhat ilitumiwa na tawi la Mahakama Kuu katika miaka ya 1980, ikatangazwa kuwa mnara wa kale mwaka 1995, na mwaka 2005 ikawa makumbusho. Upande wa India, kasri la Maharaja wa Bardhaman lilipewa chuo kikuu kilichoanza mwaka 1960.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Bhawal, huko Gazipur. Mwana wa pili wa ukoo huo, Ramendra Narayan Roy, alipelekwa Darjeeling akiwa mgonjwa, na Mei 1909 ikatangazwa kwamba amefariki na mwili wake umechomwa. Miaka 12 baadaye, mwaka 1921, mtawa mmoja wa Kihindu aliyejipaka majivu alisimama mbele ya wapangaji wa Bhawal, na watu wakasema huyu ndiye. Wakati huo mashamba yalikuwa yakisimamiwa na idara ya serikali iliyoshika mali za makabaila wasioweza kujiendesha, nayo ilikataa katakata kumtambua. Kesi ilifunguliwa mwaka 1930, mashahidi waliosikilizwa walizidi 1,000, na mwaka 1936 Jaji Pannalal Basu akahukumu kwamba mtawa yule ndiye mwana wa Bhawal. Rufaa ilipanda hadi Baraza la Faragha mjini London, ambalo mwishoni mwa Julai 1946 lilithibitisha ushindi wake. Siku chache baadaye akafariki kweli. Mwaka uliofuata nchi ikagawanywa, na jumba lililogombewa kwa miaka 25 leo ni ofisi ya mkuu wa wilaya ya Gazipur, ambako wananchi hupanga foleni za hati za ardhi. Kwa maneno mengine, limerudi kuwa kachhari.

Majumba mengine yaliponywa na jina la mtu mmoja. Familia ya Tagore ilikuwa na ardhi Shilaidaha, Shahzadpur na Patisar, na Rabindranath Tagore alizisimamia mwenyewe kuanzia miaka ya 1890. Huko Patisar alianzisha benki ya kuwakopesha wakulima mwaka 1905 na baadaye akaweka humo fedha za Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1913. Nyumba hizo tatu zinatunzwa kama makumbusho, lakini si kila kijiji kilibahatika kuwa na mshairi. Upande wa magharibi njia iliyoenea sasa ni hoteli. Itachuna katika wilaya ya Hooghly, iliyojengwa mwaka 1766 na ambayo jina lake lenyewe linatokana na matofali na chokaa, hupokea wageni wa kulala, na Bawali, kusini mwa Kolkata, ilikuwa gofu kabla ya mfanyabiashara mmoja kuikarabati kwa miaka kadhaa.

Mchangiaji

Mimi ni fundi wa nyumba za zamani. Ningependa kujua kama wanaokarabati huko wanatumia saruji, kwa sababu huku kwetu tumeona kuta za mawe na chokaa zikioza haraka zaidi baada ya kupigwa lipu ya saruji.

Mleta uzi

Fundi, umegusa penyewe. Tatizo ni lilelile. Ukuta wa tofali na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole kupitia lipu; saruji huuziba, unyevu hupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo hujitokeza kama unga mweupe unaomumunya tofali, jambo ambalo Wabengali huliita nona. Katika nchi yenye mvua nzito kuanzia Juni hadi Septemba, mchakato huo hausubiri. Boriti za chuma nazo hupata kutu, huvimba na kuipasua dari. Halafu ndege hudondosha mbegu za mtini mkubwa kwenye ufa, na mti ukishakuwa na shina nene huwezi tena kuung'oa bila kuangusha ukuta. Wapo wanaosaga matofali na kuchanganya chun-surki kama zamani, lakini kazi hiyo ni ya muda na gharama, na ofisi nyingi za serikali huona saruji ni rahisi zaidi kuiandika katika bajeti.

Kuna adui mmoja ambaye hata chokaa haimwezi, naye ni mto. Jumba la Nimtita katika wilaya ya Murshidabad, ambako Satyajit Ray alipiga picha filamu yake ya mwaka 1958 kuhusu kabaila anayefilisika kwa kupenda muziki, lipo kando ya mto unaokula ukingo wake mwaka hadi mwaka, na sehemu kubwa yake sasa ni gofu.

Namalizia na jambo dogo la Bengali Magharibi linalohusu swali langu la mwanzo. Katika nyumba nyingi za washirika, hekalu na thakurdalan vimewekwa wakfu kwa mungu, kwa mfumo unaoitwa debottar, hivyo havigawanywi. Badala yake matawi ya ukoo hupeana zamu ya kuendesha ibada ya Durga, na tawi lenye zamu ndilo linalolipa. Kwa siku tano za kila mwaka watu hurudi, taa huwashwa, watoto wa Kolkata hukimbia kwenye korido ambazo majina yake hawayajui, kisha kufuli hufungwa na mlinzi mmoja hubaki. Ukifika katika nyumba hizo wakati mwingine wa mwaka utakuta matao ya thakurdalan yamepakwa chokaa mpya, na hatua ishirini nyuma yake paa la andarmahal limeshuka hadi sakafuni, kwa kuwa ukumbi una zamu na vyumba havina.